Upanga Usio na Mlio: Kisa cha Gemu Iliyokosa Wachezaji Langoni

Mwaka jana mtoto wa ami yangu alirudi kutoka Mombasa na diski moja ya gemu ya PS4, ile mashine ya PlayStation, iliyokwisha kutumika, akaitua mezani kama mvuvi anayetua nguru mzima. "Hii ndiyo itakayotutoa," akasema. Juu ya jalada kulikuwa na shujaa mwenye nywele hadi mabegani, upanga unaowaka moto, na nyuma yake zimwi lenye pembe. Aliinunua shilingi 1,200. Wiki tatu zikapita na ilikuwa haijarudisha hata robo ya fedha hizo.

Kibanda chetu cha gemu kiko Langoni, hapa Lamu, uchochoro mmoja nyuma ya Usita wa Mui. Tuna TV nne, PS4 mbili, PS3 moja, na PS2 kongwe ambayo hatuna moyo wa kuitupa. Mechi moja ya gemu ya mpira ni shilingi 20. Gemu nyingine zote ni shilingi 20 kwa dakika kumi na tano. Biashara yetu kwa kweli ni mpira. Kila kitu kingine ni cha wale wanaosubiri zamu. Ndiyo maana mtoto wa ami alitaka kitu cha kumkalisha mteja saa nzima: vita, uchawi, safari ndefu.

Jina la gemu silitaji. Iliundwa na kampuni ndogo ya Ulaya, na haya nitakayoyaeleza yamo katika gemu nyingi za bei yake. Sina haja ya kuwaandama watu wachache waliokesha kuifanya.

Kwanza niseme tulivyokosea sisi wenyewe. Mtoto wa ami alisema watoto wa Langoni ni wa mpira tu, ukiwawekea kitu kingine ni kumpigia mbuzi gitaa. Mimi nikasema tatizo ni picha. Sura za watu zimekakamaa, midomo inakwenda huku na maneno kule, nywele za shujaa zimesimama kama kofia ya plastiki. Tulibishana siku mbili, kila mmoja akishika lake, mpaka ile PS2 ilipotuumbua sote wawili.

Kwenye PS2 tuna God of War ya mwaka 2005. Wateja wetu wengi mwaka huo walikuwa hawajazaliwa. Ukiiwasha leo kwenye TV bapa, picha ni ukungu mtupu na vidole vya watu vimeshikamana kama mkungu wa ndizi mbichi. Lakini Ijumaa jioni, mpira ukijaa, wanaosubiri hugombania hiyo. Ni panga, mazimwi na miungu, jamii ile ile ya gemu tuliyoshindwa kuiuza. Basi si kwamba hawataki chochote ila mpira. Wala si picha, maana picha za PS2 ni mbaya mara mbili.

Nikachukua daftari la mahesabu, nikaligeuza upande wa nyuma, nikaanza kuandika: kila atakayeigusa gemu hii, ameachia wapi, na neno gani lilimtoka alipokuwa akiweka chini pedi, kile kishikio chenye vitufe. Karibu yote ninayoyaandika hapa yametoka katika kurasa zile, ukiondoa matusi.

Ukurasa wa kwanza ulinishangaza, kwa sababu waliojaribu mwanzo wengi wao waliacha kabla ya kupigana hata mara moja. Gemu inaanza na ramani. Sauti nzito inasimulia falme, vita vya miaka mingi, mawe ya uchawi, na ndugu wawili waliokosana. Halafu shujaa anaamka kambini. Anakwenda kwa kamanda, kamanda anamtuma kwa mhunzi, mhunzi anamtuma kwa mganga, na mganga ana maswali yake. Niliweka saa kwenye simu: dakika kumi na saba mpaka adui wa kwanza, ikiwa huruki mazungumzo. Sisi tunauza dakika kumi na tano. Yaani mtoto anatoa shilingi ishirini yake, anatumwatumwa kambini kama kijana wa dukani, na muda unakwisha upanga haujatoka alani.

Mtu aliyeinunua akaicheza kwake, pekee yake, Jumamosi nzima mbele yake, huenda asilione hili kuwa kosa. Kibanda ni mizani nyingine. Hapa kila dakika ina bei, na nyuma yako wamesimama wanne wanaosema "haya toka". Tena maandishi ya mazungumzo ni madogo mno. Nadhani aliyeyapanga alikuwa ameketi pua kwa pua na kompyuta. TV yetu ni ya inchi 32 na benchi liko mita mbili kutoka ukutani. Kutoka hapo maandishi ni msafara wa sisimizi, na kwenye menyu hakuna pa kuyakuza. Kiingereza chenyewe ni cha mikunjo, cha kifalme. Kwa hiyo hadithi, ambayo waundaji waliitegemea sana, iliwapita watoto juu ya vichwa. Kilichobaki kuwashika ni mapigano.

Na mapigano ndiyo yaliyokuwa na ugonjwa mkubwa. Aliyeugundua si mimi.

Jioni moja alipita mzee wa mtaani kwetu tunayemwita Ami, anatoka msikitini na bakora yake. Ujanani alikuwa akitajwa katika kirumbizi. Kwa asiyejua, kirumbizi ni mchezo wa fimbo: wawili katikati ya duara, ngoma na zumari zinalia, mmoja anashambulia na mwingine anakinga, na watu wazima wanasimama saa nzima kutazama, iwe harusini au wakati wa Maulidi. Ami alisimama mlangoni. Kijana mmoja wa Gadeni alikuwa anapambana na mfu mwenye silaha, anabonyeza kitufe kile kile tap tap tap.

"Mwanangu," Ami akauliza, "yule apijwa au apepewa?"

"Apijwa, Ami."

"Mbona hasikii?"

"Anasikia. Tazama ule mstari mwekundu juu ya kichwa chake, wapungua."

"Mimi sitazami mstari, natazama mtu." Akainua bakora, akaigonga nguzo ya mlango mara moja, taratibu. "Waona? Fimbo ikimpata mtu, fimbo yenyewe hushtuka. Mkono wako hushtuka. Ya huyu yapita tu."

Akaenda zake. Mimi nikabaki nimeitazama ile nguzo.

Alilolisema Ami, waundaji wa gemu za kupigana wamelijua miaka mingi. Picha ya gemu ni fremu, yaani picha moja moja zinazopita, thelathini au sitini kwa sekunde. Kwenye gemu iliyofanywa vizuri, ubapa wa upanga unapokutana na mwili, wote wawili, mpigaji na mpigwa, wanagandishwa kwa fremu chache. Ni kitambo ambacho jicho halikioni lakini mkono unakihisi. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilifanya hivyo. Juu ya mgando huo huongezwa mlio, cheche, mtikisiko mdogo wa kamera, na adui anayeyumba kufuata upande aliopigwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mamilioni. Kinachohitajika ni mtu mmoja wa kukaa na pigo moja wiki nzima, analirekebisha fremu kwa fremu, na bosi wa kumwachia wiki hiyo.

Katika gemu yetu upanga unapita mwilini kama mkono unaopita kwenye moshi wa udi. Mlio unakuja baadaye kidogo, na ni ule ule ukipiga mfupa, chuma au mti. Adui hayumbi, anaendelea na safari yake kama mtu aliyegongwa bega sokoni. Unamkata mara kumi na tano na hujui kama umefanya lolote mpaka aanguke ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba amekufa.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, yaani ukipigwa wewe. Watoto walikuwa wanalalamika kwamba rungu la jitu la kinamasi "linagusa kabla ya kugusa". Niliwasha kamera ya simu, mwendo wa polepole, nikarekodi TV. Walisema kweli. Rungu bado liko umbali wa mkono mzima kutoka kichwani na tayari uhai wa shujaa umekatwa. Sababu yake ni kwamba mashine haihesabu rungu unaloliona. Inahesabu kisanduku kisichoonekana kilichofungwa kwenye rungu, na hiki kilikuwa kikubwa kuliko rungu lenyewe. Kukipunguza ni kazi ya kuhariri namba, lakini lazima ajitokeze mtu wa kuipitia silaha moja moja, adui mmoja mmoja, na hapa inaonyesha hakupatikana.

Kisha kuna suala la pedi, ambalo lilitutia hasara ya kweli. Kila mtoto alisema pedi imekufa: "nabonyeza kukwepa, hakwepi." Mtoto wa ami akabadilisha pedi, mara ya kwanza, mara ya pili, mwisho akanunua nyingine. Malalamiko yakabaki pale pale. Tukaichukua pedi "iliyokufa" tukaiweka kwenye mpira. Ikapiga chenga kama kawaida. Kumbe ukishaanza pigo katika gemu hii, huruhusiwi kulikatiza mpaka liishe, na kitufe ulichobonyeza katikati hakisubirishwi, kinatupwa. Panapokuwa na moto mwingi kwenye picha fremu nazo zinashuka, basi mwendo unakuwa wa mtu anayetembea majini. Nitakuwa mkweli hapa: kutokatiza pigo si kosa peke yake. Dark Souls ya mwaka 2011 nayo hukufunga na pigo lako, na ina wapenzi dunia nzima. Lakini kule adui naye amefungwa na lake. Anainua silaha, unamwona akiinua, una nafasi ya kuamua. Wachezaji wa kirumbizi husoma bega la mwenzao, na ndicho watoto walichokosa hapa: bega la kusoma. Jitu letu linatoka kwenye kusimama hadi kwenye kupiga bila kuinua mkono katikati.

Kamera nitaieleza kwa ufupi kwa sababu mtu wa Lamu ataielewa haraka. Kamera ya gemu hizi hukaa nyuma ya bega la shujaa, hatua tatu nne. Uwanjani ni sawa. Waundaji wakaenda wakaijaza gemu mapango na vijia vyembamba, kwa kuwa chumba chembamba ni rahisi kuchora kuliko bonde. Sasa fikiria mtu anakufuata kwa nyuma hatua nne kwenye uchochoro wa Mkomani ambao punda mwenye mzigo akija huna budi kubana ukutani. Ukikata kona, yeye bado yuko upande wa pili wa nyumba. Kamera ikikutana na ukuta inasukumwa mbele, inaingia kwenye kisogo cha shujaa, na kwa sekunde mbili unachokiona ni nywele za plastiki na adui anakupiga. God of War ile ya PS2 haikumpa mchezaji kamera kabisa. Walioiunda waliipigilia kila mahali walipotaka, kama jicho la mtu aliyeketi kwenye baraza. Hakuna mtoto hata mmoja wa kibandani aliyewahi kulalamika kwamba amenyimwa kamera.

Shujaa pia ana mwenzake wa safari, mpiga mishale. Huyu ndiye aliyechekesha kibanda kizima. Husimama mlangoni. Kila mlango. Mapigano yakianza ndani, yeye yuko kizingitini anatembea pale pale miguu ikikwaruza sakafu, na wewe ukitaka kukimbia nje, amekuziba. Kompyuta humwongoza mtu kama huyu kwa ramani ya sakafu iliyochorwa chini kwa chini, inayosema hapa panapitika, hapa hapapitiki. Ramani ikikatika kidogo tu kizingitini, basi akili yote imekwisha. Watoto wakampa jina Punda, mpaka mmoja akakataa: punda wa Lamu ukimpakia mchanga forodhani anafika kwenye nyumba inayojengwa bila mtu. Jina likabadilishwa. Jipya siliandiki.

Ugomvi wa kweli, wa watu kushikana mashati, uliletwa na kusevu. Gemu ina nafasi moja tu ya kuhifadhi safari, na inahifadhi yenyewe ufikapo kwenye jiwe maalumu. Kijana wa Wiyoni alikuwa ndiye pekee aliyeipenda. Amelipa siku tano, amefika kinamasini, ana upanga wa pili. Siku ya sita akaja mtoto mwingine, akabonyeza "anza upya" bila kujua, na siku tano za mwenzake zikafutika. Mwenyewe alipofika na kukuta shujaa yuko kambini anatumwa kwa mhunzi, alinyamaza kwanza, akaweka pedi chini polepole. Tuliwaachanisha kwenye ngazi.

Ongeza stima. Hapa stima ikikatika haiagi. Mawe ya kusevu yako mbali kwa mbali, na mara mbili ilimkata kijana wa Wiyoni akiwa amebakiza pigo kadhaa amalize jitu. Mpira ukikatika unapoteza dakika sita. Huku alipoteza saa nzima, na sisi tukalazimika kumrudishia fedha, maana ungemwambiaje?

Hapo ndipo tulipofika kwenye majitu yenyewe, wale maadui wakubwa wanaoitwa mabosi. Kijana wa Wiyoni alikuwa amerudi, tumemfungulia akaunti yake mwenyewe kwenye mashine ili safari yake isiguswe. Tungefanya hivyo tangu mwanzo, PS4 inaruhusu. Alikuwa anapambana na jitu la barafu, na alikuwa amepambana nalo muda mrefu kiasi kwamba Ami alipita kwenda msikitini, akaswali, akarudi, akamkuta bado.

"Huyu ndiye yule wa jana?"

"Wa leo, Ami. Mwingine. Lakini mtindo wao ni mmoja."

Ami akaketi kwenye benchi. Akatazama kitambo.

"Kitovu chake ki wapi?"

Kijana akacheka. "Hana kitovu, Ami. Popote ukipiga ni sawa, ila upige sana."

"Hana kitovu? Basi huyu hakuzawa."

Kila mtu kibandani alielewa, hata wale wadogo, kwa sababu sisi tumelelewa na kisa cha Fumo Liyongo. Liyongo hauawi kwa mkuki wala mshale. Kinachomuua ni sindano ya shaba ikimpata kitovuni, na anayeijua siri hiyo ni mwanawe aliyehadaiwa na mfalme wa Pate. Hadithi nzima ya kumuua ni hadithi ya kuitafuta siri. Nguvu za mikono hazihusiki. Sasa tazama jitu la gemu yetu. Halina siri. Lina namba: uhai elfu kadhaa, na upanga wako unatoa ishirini. Kumshinda ni kutoa, kutoa, kutoa mpaka hesabu ifike sufuri.

Hili nalo lina sababu yake, na sababu ni fedha. Kumpa jitu tabia mpya, tuseme likijeruhiwa mguu lichechemee, likikaribia kufa liombe au likimbie, kunahitaji mchoraji wa mijongeo, mwandishi wa programu, na watu wa kujaribu wiki nyingi. Kumwongezea uhai ni kuongeza sufuri moja mwishoni mwa namba. Gemu inakuwa ndefu, nyuma ya jalada mnaandika saa nyingi za kucheza, na hamkutumia senti. Vivyo hivyo wale maadui wa kawaida: wafu wa kinamasi ni wafu wa kambini waliopakwa kijani, na wa barafuni ni wao wao kwa buluu. Panga nilizihesabu kwenye menyu nikachoka. Tofauti ya moja na nyingine ni namba mbili na jina refu.

Lakini nasema ufukara hauwezi kubebeshwa kila kitu. Shadow of the Colossus ya mwaka 2005 ina majitu kumi na sita, na ukiacha hayo hakuna maadui wengine. Unapanda farasi kwenye nchi tupu, unafika, na kila jitu lina mahali pake pa kudungwa ambapo lazima upatafute kwa kulipanda mwilini. Walipunguza vitu ili vilivyobaki viwe na kitovu. Na Hellblade ya mwaka 2017, ya Ninja Theory ya Uingereza, iliundwa na kikundi cha watu ishirini hivi. Aina za maadui ni chache, rafiki wa kukuziba mlangoni hakuna, duka la panga hakuna, ramani hakuna. Aliyeigiza shujaa wa kike, Melina Juergens, alikuwa mhariri wa video wa hapo hapo ofisini, akaishia kupata BAFTA, tuzo kubwa ya Uingereza. Fedha kidogo waliyokuwa nayo iliwekwa kwenye uso mmoja, sauti, na upanga mzito.

Gemu yetu ilifanya kinyume. Nadhani waundaji waliitazama gemu kama The Witcher 3 ya mwaka 2015, ambayo bajeti yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni 81, wakaandika orodha ya vilivyomo: mazungumzo ya kuchagua, uchawi, uhunzi, mwenza wa safari, matawi matatu ya ujuzi, miji, hadithi yenye miisho tofauti. Kisha wakanunua kila kitu kwenye orodha, kila kimoja kwa bei ya chini kabisa. Ni kama mtu mwenye fedha za pilau nzuri ya watu kumi aliyeamua kutoa pilau, biriani, mchuzi wa nazi, samaki wa kupaka na mahamri kwa watu mia. Kila sahani imefika. Wageni wamerudi na njaa.

Na kinachoniuma ni kwamba ukichimba, kulikuwa na kitu. Yule mganga wa kambini, ukimrudia baada ya kinamasi, ana kisa cha mwanawe ambacho kiliandikwa na mtu aliyejua kuandika. Nilikisoma nimesimama karibu na TV ili niyaone maandishi. Kuna uamuzi mmoja, kumpa mgeni hifadhi au kumtoa, na ukimtoa utalikuta kaburi lake njiani baadaye bila mtu yeyote kukuambia ni la nani. Anga ya jioni kule barafuni ni nzuri kweli. Gemu nzima ingekuwa hicho kijiji, huyo mganga, maadui watatu na jitu moja, saa nne na basi, ningemwambia mtoto wa ami anunue nakala mbili.

Liyongo alipokwisha kudungwa, husimuliwa kwamba alitoka, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akaweka mshale kwenye uta, akafa katika hali hiyo. Watu wakakaa siku kadhaa bila maji, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsogelea. Nilimwambia mtoto wa ami: fikiria bosi wa namna hiyo. Hana mjongeo hata mmoja. Haumwi na fremu, kisanduku chake hakina kosa, hahitaji uhai elfu. Mtoto wa ami akasema nizungumzie shilingi 1,200 zake.

Tulichobadilisha kibandani ni kidogo. Kila mteja wa gemu ndefu sasa ana akaunti yake. Gemu mpya hatununui mpaka mmoja wetu aicheze dakika kumi na tano kwa mwenye duka, akianza mwanzo kabisa, na saa mkononi. Ami hatumwambii, lakini tukipata video ya mapigano ya gemu tunayoifikiria, tunaiweka kwenye TV ya karibu na mlango baada ya alasiri na kusubiri apite. Mpaka sasa amezikataa mbili kwa kutikisa kichwa tu.

Diski bado iko. Kijana wa Wiyoni aliimaliza wiki iliyopita, usiku, kibanda kimebaki na sisi watatu. Jitu la mwisho lilianguka ghafla kama kawaida yao. Yakaanza kupanda majina ya waliounda, meupe juu ya weusi. Mimi nilitarajia arushe pedi aondoke, lakini akabaki ameketi. Majina yalikuwa machache. Jina moja lilipita chini ya kamera, likapita tena chini ya mapigano, likapita mara ya tatu chini ya mapango.

"Huyu mtu ni mmoja?" akauliza.

Nikamwambia inaonekana.

Yakaisha, skrini ikarudi kwenye menyu. Akanipa pedi, akatazama TV ya jirani, akauliza kama kuna nafasi ya mpira.